Dole la Muhindo

Jumanne, tarehe 11 Machi 2025. Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba, na manyunyu yalianguka bila haraka, yale ya mwanzo wa msimu ambayo hayamlowanishi mtu kwa mara moja ila humwingia kidogo kidogo hadi nguo ya ndani. Mbambu alitoka nyumbani kwake juu kwenye kilima cha Kyabikuha kuku wakiwa bado wamefungiwa. Viatu vyake vizuri alivibeba mkononi. Njia ya kushukia Bwera ilikuwa utelezi mtupu, na mwanamke wa miaka hamsini na minne hana sababu ya kuanguka matopeni siku anayokwenda kuonana na serikali.

Nyuma yake alikuja mzee Zedekiah, akiegemea fimbo na kulalamika. Zedekiah alikuwa mkuu wa kilima. Kwa Wakonzo kila kilima kina mkuu wake, ambaye huamua ugomvi wa mipaka na wa maji, na ambaye hakuna anayezikwa wala anayekata mianzi kule juu bila yeye kujua. Cheo hicho alikirithi kwa baba yake, pamoja na magoti mabovu.

"Mbambu, punguza mwendo. Mimi si mbuzi."

"Mzee, ofisi inafunguliwa saa tatu."

"Na ifunguliwe. Imekaa Rukoki miaka yote hiyo, haitakimbia leo."

Mbambu alipunguza mwendo. Hakuwa na nguvu ya kubishana. Tangu Jumapili alikuwa hajalala usingizi wa kuitwa usingizi. Jumapili hiyo Misa ilipokwisha, katekista alisoma tangazo lililobandikwa kwenye ofisi ya gombolola. Tangazo lilisema kwamba wakazi wa Kyabikuha wameridhia sehemu yote ya juu ya kilima chao, kuanzia mstari wa masale ya mpaka hadi inapoishia mianzi, ipewe mradi wa kupanda miti kwa miaka arobaini na tisa. Mwenye pingamizi alilete kabla Ijumaa ya tarehe 14 haijaisha. Chini ya tangazo ilikuwepo nakala ya karatasi yenye majina arobaini na moja, na kando ya kila jina alama ya dole gumba.

Watu walisogea kutazama. Mbambu hakuhitaji kusogea. Mwandiko ulikuwa wake.

Huko juu ndiko makaburi yao yote yaliko. Ndiko chemchemi iliko, na mianzi ya kujengea, na vile vibanda vidogo vya nyasi vya mababu ambavyo hata mama wa Kanisa kama Mbambu alivipita akiwa amenyamaza, kwa kuwa aliamini waliovijenga walimtafuta Mungu yule yule kwa mwanga mdogo waliokuwa nao. Babu zao walikuwa wameshasogezwa mara moja, mbuga ya milimani ilipochorewa mpaka wake. Wakashuka. Baadaye wakaja askari, wakaenda. Yakaja mafuriko, ikaja mikutano, mikutano ya afya, ya kahawa, ya amani, ya mazingira, na kila mkutano ulikuwa na karatasi yake. Mtu huchoka. Ikafika mahali gari likionekana linapanda kilima, watu huuliza kwanza limebeba nini, kabla ya kuuliza limekuja kufanya nini.

Gari la mradi wa miti lilipanda Alhamisi ya tarehe 16 Januari, na lilikuwa limebeba sabuni na chumvi. Afisa wa mradi, Tonny, alikuwa mtu mcheshi, anayejua kusalimia. Alisema kila aliyehudhuria aandikwe, atie dole, apewe mche mmoja wa sabuni na pakiti ya chumvi. Kazi ya kuandika ilikuwa ya Mbambu, katibu wa kilima, aliyefika darasa la tano na mwenye mwandiko unaosomeka. Juu ya karatasi kulikuwa na mistari mitatu ya Kiingereza, herufi ndogo kama mbegu za mtama.

"Hii inasema nini?" aliuliza.

"Mahudhurio tu, mama. Bosi wetu anapenda karatasi kuliko chakula."

Watu walicheka. Mbambu alitaka kuuliza tena, lakini mbele yake walikuwa watu karibu arobaini wanaoamini kwamba katibu wao anasoma kila kitu. Aliona haya. Akaandika namba moja.

*

Rukoki, makao makuu ya wilaya ya Kasese, kulikuwa na jua kali, kana kwamba ile mvua ya milimani ilikuwa ya nchi nyingine. Walikaa kwenye benchi mpaka saa sita. Afisa wa ardhi aliyewaita ndani aliitwa Nakato, Mganda, binti wa mwanajeshi, naye alikulia kambini, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko huko kambini.

"Keti. Sema."

Zedekiah alisema. Alianza na babu wa babu yake, akaja na mpaka wa mbuga, akaja na makaburi, akataja majina ya waliolala humo mmoja mmoja. Nakato hakumkatiza. Mzee alipomaliza, alimsogezea glasi ya maji.

"Pole, mzee. Hiyo historia mimi naiamini. Lakini faili haina historia. Faili iko na madole arobaini na moja."

"Hatukujua tunakubali nini."

"Kila mutu anakuja hapa anasema hakujua. Jana peke yake nimeambiwa mara nne. Sasa mimi nifanye nini na 'hatukujua'? Nipe kitu ya kushika."

"Kitu gani?"

"Dole moja ya uongo. Moja tu. Mutu aliandikwa na hakukuwa pale. Nikiona moja, mimi siwezi tia sahihi. Narudisha faili yote, wanaanza upya, mkutano mpya, na mimi mwenyewe nakaa pale wakisoma kwa lugha yenu."

Aliigeuza ile karatasi upande wao. Macho ya Mbambu yalikwenda moja kwa moja kwenye namba ishirini na tisa, kama ng'ombe anavyoujua mlango wa zizi lake.

Namba ishirini na tisa: Muhindo.

Muhindo alikuwa mtoto wa baba mdogo wa Mbambu. Alifariki alfajiri ya siku ile ile ya mkutano, baada ya wiki mbili za kuvimba tumbo. Mbambu alifika mkutanoni akitoka msibani, ambako wanawake walikuwa wameshamaliza kipande cha mwisho cha sabuni, na wageni walikuwa bado wanaingia kutoka Bwera na kutoka ng'ambo ya mpaka. Huko Kyabikuha fungu la asiyekuwepo halipotei. Nyama ikigawanywa, mgonjwa huchukuliwa lake. Mbegu zikija, aliye sokoni huandikwa na jirani. Hakuna anayeita hivyo wizi, na anayeacha kufanya hivyo husemwa. Basi Mbambu aliandika jina la kaka yake kati ya namba ishirini na nane na namba thelathini, ili mjane apate sabuni ya kufulia shuka. Na Tonny aliposema, "Dole, dole, tusichelewe," na Muhindo hayupo wala hatakuwepo tena, Mbambu alibonyeza dole lake mwenyewe, lile lile alilokwisha kulibonyeza kwenye namba tatu.

Alikuwa amelisahau kabisa jambo hilo. Lilikuwa dogo, kama kumfungia jirani mlango.

"Mama, unatoka jasho," Nakato alisema.

"Ni joto la huku chini." Kisha akauliza: "Afisa, tuseme mmoja wao alikuwa ameshafariki siku hiyo?"

"Nani?"

"Tuseme... Muhindo."

Nakato alicheka bila furaha. "Mama, kwenu kule Muhindo ni wangapi?"

Zedekiah alianza kuhesabu kwa vidole. Wakonzo huwapa watoto majina kwa mpangilio wa kuzaliwa, na mtoto anayekuja wa kiume baada ya wasichana, au wa kike baada ya wavulana, huyo ni Muhindo. Alifika sita walio hai, akaacha mkono hewani.

"Unaona? Nikisema Muhindo amekufa, mradi wataniletea mmoja wa hao sita, atasema dole ni yake. Mimi sina mashine ya kupima kilima kizima. Nataka mwenye dole asimame aseme, 'Hii ni yangu, na mimi si Muhindo.' Basi." Alifunga faili. "Lakini mumwambie ukweli pia. Kutia dole kwa jina la mutu mwingine kwa karatasi ya ardhi, hiyo ni ya polisi. Inaweza kuwa jela. Mimi siwezi kumficha. Ijumaa nakuja kwenu saa nne."

Mbambu alisema asante. Alitoka nje akaegemea ukuta. Zedekiah alimtazama, akatazama pembeni, akasema magoti yanamuuma.

*

Jumanne ni siku ya soko Bwera. Waliporudi, Zedekiah alikwenda kutafuta tumbaku, na Mbambu akapenya kati ya magunia mpaka alipouzia maharage Phionah, mjane wa Muhindo. Kando ya Phionah alikaa Célestin, mfanyabiashara wa Butembo, Congo, anayeuza mafuta ya mawese, aliyekuwa na shamba upande wa Beni kabla ya vita kumleta huku.

"Wifi yangu huyo!" Phionah aliita kutoka mbali. "Umevaa viatu vya Pasaka. Nani kakuposa?"

"Serikali."

"Basi mahari utalipa wewe, naijua ile familia."

Célestin alimpangusia kiti cha plastiki. "Njo ukae, Mama Mbambu. Weye iko na sura ya mutu hajalala tangu juzi."

Mbambu alikaa. Alikuwa amepanga kusema polepole, kwa kuzunguka, lakini uchovu haukumwachia njia ya kuzunguka. Alisema yote kwa mara moja: namba ishirini na tisa, dole, jela, Ijumaa.

Phionah aliendelea kuchambua maharage, akitupa mabovu. 

"Kwa hiyo ule mche wa sabuni ulioniletea msibani," alisema mwishowe, "ulikuwa wa marehemu?"

"Ulikuwa wa jina lake."

"Yaani mume wangu amepewa sabuni ya kufulia shuka lake mwenyewe." Alicheka. Alicheka mpaka wenye vibanda vya jirani wakageuka, kisha akajifunika uso kwa ncha ya kitenge na mabega yakaendelea kutikisika, na halikuwa tena cheko.

Célestin alisubiri. Alifunga kopo la mawese, akapangusa mikono.

"Kwetu tulikimbia miaka mbili," alisema. "Kurudia, shamba ya baba iko na mutu mwingine, na karatasi iko naye. Minauliza, nani alitia mukono hapa? Batu bote banaangalia chini. Ule mutu alitia mukono, mi naye tunasali kanisa moja. Anajua minajua. Kila Siku ya Mungu ananipatia amani ya Bwana, anashika hii mukono yangu, na hasemi. Mi nilichoka kuuliza."

"Unamchukia?"

"Hapana. Iko mutu muzuri. Aliogopa tu."

Mbambu alitazama mikono yake. Angependa Célestin asingesema hivyo.

"Wifi," alimwambia Phionah, "niambie nifanye nini."

"Ah, usinitwishe." Phionah alikuwa ameshajifuta uso. "Ukisema, watakufunga, na watu watasema mimi ndiye niliyekula sabuni ya maiti. Usiposema, siku nikitaka kupalilia kaburi la mume wangu nitapiga hodi kwa mtu wa miti. Kote kubaya. Mimi sikutumi na sikuzuii." Alichota maharage akayaacha yateleze kati ya vidole. "Ila Ijumaa ni siku ya soko, na mimi sokoni sitakuja. Nitakuwa nimekaa kikaoni, mbele kabisa. Basi, chukua haya ukapike, umekonda."

*

Jumatano Mbambu alilima. Alilima vibaya, akakata mashina mawili ya kahawa ambayo mama yake aliipanda. Alijaribu kusali rozari na akajikuta kila mara kwenye fumbo lile lile, hajui kama ameshalisali au la. Mwisho aliacha kuhesabu, akasema kwa maneno yake: "Bwana, mimi nimechoka na mambo haya. Sikuomba kuwa katibu. Kama kuna njia nyingine, ionyeshe leo, kwa sababu kesho nitakuwa nimechoka zaidi."

Alhamisi njia nyingine ilikuja kwa miguu, imevaa buti. Tonny alikuwa ameliacha gari chini kwa ajili ya matope. Alikaa kwenye kigoda, akaisifu migomba, akanywa chai.

"Mama, nitasema wazi. Namba ishirini na tisa, tunajua. Watu wanaongea." Alishusha sauti. "Usiogope. Iko kijana wa mzee Gidioni, naye ni Muhindo. Kesho atasema dole ni lake. Wewe kaa kimya tu. Hakuna jela, hakuna aibu, na kwenye vitalu vya miche tutahitaji mama mwenye akili wa kusimamia wengine."

"Uliniambia ni mahudhurio."

Tonny alizungusha kikombe. "Niliambiwa hivyo hivyo na mimi. Baadaye nikasoma. Na mimi nina bosi, mama, na nina watoto Fort Portal." Kwa mara ya kwanza alionekana mtu mzima kuliko umri wake. "Miti si kitu kibaya."

"Miti haina kosa," Mbambu alikubali.

Alipoondoka, Mbambu alikichukua kikombe cha mgeni akakisuuza. Hapo ndipo alipoogopa kweli. Mpaka siku hiyo alikuwa ameogopa jela. Sasa aliona jinsi ilivyokuwa rahisi. Hakutakiwa kusema uongo hata mmoja. Alitakiwa kukaa tu kwenye benchi, kama mtu yeyote aliyechoka, na kesho yake ingepita, na Jumapili angempa amani ya Bwana Phionah, na Phionah angeupokea mkono wake.

*

Ijumaa mvua ilinyesha kwa nguvu, kwa hiyo kikao kiliingizwa kanisani. Njiani Zedekiah alimngoja kwenye kona ya mwisho, chini ya jani la mgomba lililokuwa halimsaidii kitu.

"Nilimzika Muhindo kwa mikono hii," alisema bila salamu. "Rukoki pale, ulipotaja jina, nilijua."

"Mbona hukusema, mzee?"

"Dole si langu." Alitema tumbaku. "Na mimi ni namba moja kwenye ile karatasi, Mbambu. Mkuu wa kilima, namba moja, mche mmoja wa sabuni. Nilinawia mikono. Ukiniuliza nani anastahili jela, tutakaa hapa mpaka jioni." Akampa mkono wa kushikilia, au labda yeye ndiye aliyekuwa akitafuta wa kumshikilia, na wakaingia hivyo.

Kanisa lilikuwa limejaa, mabati yakipiga kelele. Mbele walikaa Nakato na faili lake, Tonny, na polisi mmoja mrefu wa kaskazini, Ocen, ambaye buti zake zilikuwa zimeacha mstari wa matope mpaka altareni, naye alionekana kuona aibu kwa hilo. Phionah alikuwa benchi la mbele. Upande wa pili alikaa mzee Gidioni na mwanawe Muhindo, kijana wa miaka ishirini na kitu, aliyevaa shati jipya ambalo mikunjo ya dukani ilikuwa haijaisha.

Nakato alisoma majina. Kila aliyesikia lake alisema "nipo". Wengi walisema kwa sauti ndogo. Zedekiah alisema kwa sauti ya mtu anayekiri dhambi. Mbambu alisema "nipo" kwenye namba tatu.

"Ishirini na tisa. Muhindo."

Gidioni alimgusa mwanawe kiwiko. Kijana alisimama, akafungua mdomo, macho yakiwa kwenye vidole vya miguu yake.

Mbambu alisimama pia.

Hakukumbuka baadaye kama aliamua. Alikumbuka tu kwamba alifikiri: nikikaa sasa, sitasimama tena.

"Mwacheni huyo mtoto wa watu akae," alisema. "Dole hilo si lake."

"Kaa chini wewe!" Gidioni alipiga kelele. "Ulituandika, sasa unatufuta? Vijana wamepata kazi, wewe unataka waende wapi, Congo?"

"Mbambu, nyamaza!" sauti ya mwanamke ikaita nyuma. "Utafungwa!"

"Mwacheni aseme," akasema Phionah, bila kugeuka.

Mvua ilizidi, ikabidi Mbambu asubiri. Ilipopungua kidogo alisema, na alisema vibaya, bila mpango, akirudia maneno. Kwamba Muhindo wa kwenye karatasi ni kaka yake, aliyefariki alfajiri ya siku hiyo hiyo, na kitabu cha mazishi cha parokia kinayo tarehe. Kwamba walikuwa hawana sabuni. Kwamba aliandika jina na akatia dole lake mwenyewe, na hakuna aliyemtuma, wala mjane hakujua. Kwamba Kiingereza cha juu hakukielewa, akaona haya kuuliza mara ya pili, na kwa haya hiyo watu arobaini wameuza makaburi yao bila kujua. "Hilo la pili ndilo linaloniuma," alisema. "La sabuni, kwa kweli, ningelifanya tena."

Mtu mmoja alicheka, akajizuia.

Nakato alimwita mbele. Alitoa kidau cha wino, akamshika mkono Mbambu kama nesi anavyomshika mgonjwa, akabonyeza dole lake kwenye karatasi nyeupe. Akaiweka kando ya namba tatu, halafu kando ya namba ishirini na tisa. Alitazama kwa muda. Kwenye alama zote tatu ulipita mstari mweupe wa kovu, pale panga lilipomkata Mbambu akiwa binti akivuna mianzi huko huko juu.

"Ni moja," Nakato alisema. Alimtazama Tonny. "Unaona?"

Tonny alitazama, akaitikia kwa kichwa. Hakubisha. Alionekana kama mtu aliyetuliwa mzigo na kutwishwa mwingine kwa pamoja.

"Basi mimi sitii sahihi." Nakato alipiga mstari mwekundu kukata ukurasa. "Faili inarudi. Mkiitaka tena hii ardhi, mkutano mpya, na karatasi inasomwa kwa Kikonzo kabla hata mutu mmoja hajashika wino."

Hakuna aliyepiga makofi. Watu walishusha pumzi, na baadhi walianza kutafuta viatu vyao. Kijana Muhindo alikaa chini haraka, akafungua kifungo cha juu cha shati. Gidioni alitoka nje kwenye mvua bila kumngoja mwanawe.

"Watarudi," Zedekiah alimnong'oneza Mbambu. "Mwezi wa sita watarudi, na safari hii watakuja na sukari."

"Warudi, mzee. Watatukuta."

Ocen alikuwa amesimama. Alivua kofia, labda kwa sababu ya mahali, labda kwa sababu ya neno alilokuwa nalo.

"Mama. Unajua kile umesema hapa, umekisema mbele ya polisi?"

"Najua, afande."

"Mimi lazima niandike. Kesi itafunguliwa, halafu huko Kasese wakubwa wataamua. Inaweza kuisha kwa kuonywa, inaweza kuwa mbaya. Sijui. Kazi yangu leo ilikuwa nikuchukue." Alitazama nje, njia ilivyokuwa mto wa matope, akawatazama watu waliokuwa wameacha kutafuta viatu. Benchi la mbele Phionah alikuwa amesimama. Zedekiah naye, kwa tabu. Halafu mwingine, na mwingine, bila mtu kuwaambia.

Ocen alipangusa kofia yake kwa kiganja.

"Nikikuacha leo, barua ikija, utakuja? Ama nitakutafuta huko kwa mianzi?"

"Nitakuja."

"Hapana, usiniambie mimi tu. Geuka. Waambie hawa, kwa sauti, kila mutu asikie. Hawa ndio mashahidi yangu."

Mbambu aligeuka. Aliziona nyuso zote alizoziandika, moja baada ya nyingine, na nyingine zilikuwa na hasira bado. Alifanya ishara ya msalaba, taratibu, kwa sababu dole bado lilikuwa na wino.

"Mimi Mbambu wa Kyabikuha," alisema, "mbele ya Mungu na mbele yenu nyote: siku nitakayoitwa Kasese nitashuka mwenyewe, kwa miguu yangu, mvua iwepo isiwepo. Hakuna atakayenitafuta. Nitakuja, na haya niliyosema leo nitayasema tena."